Taa ya ABS inawaka sanasana usiku: betri mpya, rektifaya mpya, kumbe ni bolti moja yenye kutu chini ya tangi (uchambuzi wa kisa)

Usuli

Pikipiki ni ya cc 200, silinda moja, ya injekta, diski mbele na nyuma, na ABS (mfumo unaozuia gurudumu kufunga ukikamata breki) kwenye magurudumu yote mawili. Ina umri wa kama miaka mitatu hivi. Mwenye nayo ni kijana anayepeleka vifurushi kwenye mji mmoja wa pwani, anatembea kutwa na usiku mpaka saa nne tano, masika kiangazi yeye yuko barabarani. Jina lake, mtaa wake na aina ya pikipiki naviacha, haviongezi kitu kwenye somo.

Alikuja kwangu baada ya kupita gereji tatu. Malalamiko yake yalikuwa manne kwa pamoja, taa ya ABS inawaka inavyotaka yenyewe, taa za dashibodi zinafifia akisimama kwenye foleni, indiketa zinakuwa nzito, na kuna wakati watu wa nyuma wanamwambia taa yako ya breki haizimi. Gereji ya kwanza walimuuzia betri mpya. Ya pili wakambadilishia rektifaya (kile kifaa kinachorekebisha umeme wa injini ili uchaji betri). Ya tatu wakaweka stendi ya kati, wakawasha injini, wakaingiza gia, taa ya ABS ikawaka baada ya sekunde chache, wakamwambia basi kitengo chenyewe cha ABS kimekufa, tafuta kingine. Bei aliyotajiwa ilimkosesha usingizi. Alafu mmoja pale akampa njia ya mkato, nikukatie ule waya wa taa kwenye dashibodi isikusumbue, utaendesha kama kawaida.

Hapo kwenye njia ya mkato nasimama kidogo maana inaniuma kweli. Taa ya ABS ikiwaka ikabaki, breki za kawaida bado zipo, ukikamata inakamata, lakini ile kinga ya gurudumu kufunga ndo imeondoka. Kwenye lami yenye maji na mchanga, mtu amezoea kukamata breki kwa nguvu akijua ABS itamwokoa, alafu haipo, anaenda chini. Ukikata ule waya umemnyima habari pekee ambayo ingemfanya apunguze mwendo. Mi sifanyi hiyo kazi hata mteja aniombe.

Siku ya kwanza: maswali kabla ya spana

"Fundi, mi nishachoka, hii taa imenila mpaka hela ya pango."

"Pole sana kaka. Inawaka saa ngapi?"

"Saa ngapi tena? Ikiamua kuwaka inawaka."

"Hapana, kaa utulie. Mara ya mwisho ulikuwa wapi unafanya nini."

Akafikiria. Jana usiku, akasema, niko kwenye mataa, nimekanyaga breki, indiketa ya kulia inawaka, kuna bajaji ikanichomekea nikapiga honi, paap, taa hii hapa. Na juzi? Juzi pia usiku, foleni vilevile. Nikauliza tena, na mchana? Akasema mara nyingi usiku, mchana sanasana labda kwenye ile barabara mbovu ya kuelekea stoo. Mi nikaandika kwenye karatasi: USIKU, FOLENI, HONI. Hiyo ya barabara mbovu sikuiandika. Mtaona baadae ilichonifanya.

Usiku, foleni na honi ukizisoma pamoja zinakwambia kitu kimoja, injini iko sailensa (inanguruma taratibu bila kuongezwa mafuta) na mzigo wa umeme uko juu. Pikipiki ndogo ikiwa sailensa haizalishi umeme wa maana, sehemu kubwa inatoka kwenye betri. Usiku kuna spoti (zile taa za ziada alizofungiwa), kuna taa kubwa, kuna breki, kuna indiketa, ukiongeza na honi ndo umemaliza. Na kompyuta ya ABS ina kiwango chake cha chini cha volti, ikiona umeme unaoifikia umeshuka chini ya hapo inajizima kwa usalama na kuwasha taa. Kwaiyo kabla sijafungua hata kava moja nilishakuwa na dhana, ABS haijafa, inakosa chakula.

Ila dhana ni dhana. Nikaanza na breki zenyewe kwanza kwa sababu taa yoyote inayohusu breki inakulazimisha uangalie breki kabla ya waya. Pedi za nyuma zilikuwa zimebaki kama milimita moja, hizo ni za kutupa. Mafuta ya breki meusi kama chai ya rangi, hayajawahi kubadilishwa tangu pikipiki inunuliwe. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, yakishanyonya unyevu kiwango kinachotarajiwa kinashuka mpaka 155, na huku pwani unyevu tunao wa kutosha. Tena kwenye ABS kuna vali ndogondogo ndani, mafuta yenye maji yanazila kwa kutu taratibu. Ratiba ya kawaida ni kila miaka miwili. Hayo hayakuwa chanzo cha taa, lakini nisingeyaacha.

Vipimo

Betri ikiwa imepumzika, volti 12.7. Nzuri. Injini ikizunguka kwenye mizunguko 4,000 hivi, 14.2 kwenye vichwa vya betri. Nzuri pia, yaani rektifaya inachaji na koili zinazalisha. Nikamuuliza rektifaya ya zamani iko wapi, bahati alikuwa nayo kwenye boksi la mizigo, nikaifunga kwa dakika kumi, ikasoma 14.2 ileile. Ilikuwa nzima siku zote. Sikufurahi kumwambia.

Alafu nikatengeneza usiku mchana kweupe. Injini sailensa, spoti zimewashwa, taa kubwa, breki imekanyagwa, indiketa ya kulia. Mita kwenye vichwa vya betri, 12.2. Nikahamisha mita kwenye soketi ya ABS, nikapima kwa kuchokonoa nyuma ya soketi ikiwa imechomekwa, 10.4. Nikamwambia bonyeza honi, ikaanguka 9.9, na taa ya ABS ikawaka mbele ya macho yetu wote wawili. Kijana akaruka.

Sasa volti 1.8 zimepotelea wapi kati ya betri na ABS? Hapa ndo pa kutulia maana wengi wetu hatupimi hivi. Unaacha kila kitu kimewaka, unaweka mkono mmoja wa mita kwenye kichwa chanya cha betri na mwingine kwenye pini chanya ya ABS, unasoma kilichopotea upande wa chanya. Kwetu ilikuwa 0.4, haipendezi ila haiui. Alafu unahamia hasi kwa hasi, kichwa hasi cha betri mpaka pini hasi ya ABS. Waya mzima unatakiwa usome karibu na sifuri, mi nikiona zaidi ya 0.2 naanza kutafuta. Pale ilisoma 1.4.

Upande wa hasi wa bodi, tunaouita ethi, ndo uliokuwa unakula umeme. Na yule fundi wa gereji ya pili aliupima, kijana alikumbuka kabisa, aliweka mita kwenye mlio ikapiga biip akasema uko vizuri. Ule mlio hauna maana kwa kazi hii. Mita nyingi zinalia hata upinzani ukiwa makumi ya omu. Kuna kutu ya 0.2 ya omu tu hapo, mita inalia bila shida, lakini spoti mbili za wati 20 zinavuta ampia 3.3, taa ya breki ya wati 21 inavuta kama 1.75, indiketa mbili za wati 10 kama 1.7, jumla inakaribia 7. Zidisha 7 kwa 0.2, ndo hiyo 1.4 yetu. Ongeza honi, ampia mbili na nusu, nusu volti nyingine imeondoka. Hesabu ilikaa sawasawa na mita mpaka nikamwita kijana wangu wa kujifunza aje aione.

Tukanyanyua tangi. Chini yake kuna bolti moja kwenye chasisi inayokusanya waya za hasi, ya ABS ikiwemo. Chini ya bolti ile palikuwa na rangi ambayo haikuwahi kukwanguliwa vizuri, juu yake kutu ya kijani na nyeupe, na juu ya kutu kuna waya wa ziada, mweusi mwembamba, umesokotwa kwa mkono na kufungwa teipu. Ule ni wa spoti. Aliyefunga spoti alichukua chanya kwenye waya wa taa ya nyuma na hasi akaibandika kwenye bolti hiyohiyo ya ABS. Kuanzia siku ile kila umeme wa spoti ukawa unapita kwenye mlango mwembamba mmoja na ABS. Ongeza kuoshwa kwa mashine ya presha karibu kila siku ya masika, na hewa ya chumvi, miaka miwili inatosha kabisa.

Taa ya breki isiyozima nayo ilikuwa kitu kidogo, nati ya swichi ya kanyagio la nyuma ilikazwa kupita kiasi kwaiyo kanyagio likirudi swichi haikati umeme vizuri. Lakini angalia inavyoungana na mengine, taa ikiwaka muda wote ni ampia 1.75 za bure kwenye ethi mbovu. Na dereva wa nyuma hajui tena lini unasimama kweli.

Maamuzi na sababu zake

Nilimpa mteja njia mbili. Ya kwanza kusafisha bolti tu na kumruhusu, kazi ya nusu saa. Ya pili kusafisha, kuzitoa spoti kwenye njia ya ABS kabisa, kubadilisha mafuta na pedi, na kumpeleka kwa jamaa yangu mwenye mashine ya kusoma kompyuta. Akachagua ya pili japo hela ilikuwa ngumu, tukakubaliana alipe kwa mafungu mawili.

Bolti niliitoa, nikakwangua chasisi mpaka chuma kinang'aa, waya zote nikazikatia vichwa vipya, nikakaza, alafu grisi juu kwa nje kuzuia maji. Nikaongeza waya mmoja mnene kutoka bolti hiyo moja kwa moja mpaka hasi ya betri. Spoti nikazipa rilei yake (swichi inayowashwa kwa umeme), fyuzi yake ya ampia 7.5 karibu na betri, chanya na hasi zote kutoka betri. Swichi ya kanyagio nikairudisha mpaka taa ya breki inawaka pale tu kanyagio linapoanza kushika. Nikarudia kipimo kilekile, mzigo uleule, hasi kwa hasi, 0.06. ABS inapata 11.8 hata honi ikilia.

Kwa nini sikukubali kitengo cha ABS kimekufa? Kwa sababu kile kipimo cha stendi cha gereji ya tatu ni cha uongo. Gurudumu la nyuma linazunguka, la mbele limesimama, kompyuta inaona kasi mbili ambazo haziwezekani kwenye pikipiki inayotembea, lazima ilalamike. Hata pikipiki mpya kutoka dukani ukiifanyia hivyo inaweza kuwasha taa. Kompyuta ilikuwa inafanya kazi yake vizuri, ikahukumiwa kwa hilohilo.

Kwa jamaa yangu mashine ilisoma kodi mbili za folti, yaani namba za hitilafu, zilizohifadhiwa. Moja volti ya chini, hiyo tuliitegemea. Ya pili, mawimbi ya sensa inayosoma kasi ya gurudumu la nyuma. Tukajadiliana kidogo, sensa inapata umeme kutoka kwenye kitengo hichohicho cha ABS, kwaiyo nikasema hii ya pili ni mtoto wa ile ya kwanza, umeme ukishuka sensa nayo inayumba. Nikaifuta sensa matope kwa kitambaa, nikafuta kodi zote mbili, nikamruhusu.

Matokeo

Siku tisa safi kabisa. Usiku, foleni, honi, hamna taa. Siku ya kumi kanipigia mchana saa nane, sauti imeshuka.

"Fundi, imerudi. Na saivi ni jua kali."

"Upo wapi?"

"Ile barabara mbovu ya stoo. Nilikuwa kama arobaini hivi."

Nikakumbuka hapohapo ile sentensi ambayo sikuiandika.

Nikamwambia kaka endesha taratibu, breki zako za kawaida zipo ila usikamate kwa nguvu kwenye mchanga, njoo moja kwa moja. Alipofika nikazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono polepole huku napima nafasi kati ya sensa na ile pete ya meno inayozunguka na gurudumu, ambayo sensa inasoma meno yake, kwa filagheji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Upande mmoja 0.7 ya milimita, ukizungusha nusu duara inafika 1.9. Pete ilikuwa imepinda. Kwenye pikipiki hii nafasi ilitakiwa ibaki karibu na milimita moja mzunguko mzima. Kwenye lami tulivu sensa ilikuwa inajitahidi kusoma, kwenye mashimo gurudumu likirukaruka meno ya upande ule yanapotea na kompyuta inaona kasi inakatika.

Pete imepindaje? Tairi la nyuma lilibadilishwa kama mwezi kabla hajaja kwangu, kwa fundi pancha wa barabarani, kwa vyuma viwili vya kubinulia, gurudumu limelazwa chini upande wa pete. Simlaumu sana yule fundi, hakuna aliyemwambia kuna kitu chembamba pale. Tuliitoa pete, tukajaribu kuinyoosha juu ya kioo, ikabaki na kimgongo, nikaamua asiitumie. Pete mpya ilikuwa rahisi mno ukilinganisha na alichotajiwa kule. Tukafunga, nafasi ikasoma 0.9 mpaka 1.0 mzunguko wote. Tukaenda wote barabara ya stoo, yeye mbele mi nyuma, mara mbili kwenda na kurudi.

Mpaka naandika hii ni miezi mitano, masika imepita katikati yake, taa haijarudi. Fungu la pili alilipa, pete sikumchaji ufundi.

Uchambuzi: kilichosaidia

Kikubwa ni kurudisha hali ileile inayoleta tatizo na kupima humohumo. Betri ikipimwa imepumzika itakusifia, ethi ikipimwa haina mzigo itakusifia, na gereji zote mbili za kwanza zilipima pikipiki ikiwa imepumzika. Walikuwa wanapima pikipiki nyingine tofauti na ile anayoiendesha usiku.

Swali la "inawaka saa ngapi" lilifanya kazi kuliko mashine yoyote. Pia kuheshimu mtiririko, breki zenyewe, kisha chanzo cha umeme, kisha njia za umeme, kompyuta mwisho kabisa. Kitengo cha ABS ni kifaa cha bei kubwa na kinakufa mara chache sana kuliko waya, soketi na sensa, kwaiyo ukianza nacho hata ukipatia umepatia kwa kubahatisha.

Kuna dalili moja nimeisahau kuiweka juu, alipokanyaga breki taa ndogo ya indiketa kwenye dashibodi ilikuwa inawaka kwa mbali hata indiketa ikiwa imezimwa. Ukiona taa isiyohusika inawaka hivyo ukitumia kitu kingine, umeme umekosa njia ya kurudi unatafuta ya jirani. Nenda kwenye ethi moja kwa moja.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Nilisikia jibu nililokuwa nalitaka. Mteja alisema "mara nyingi", mi nikaandika "usiku". Alitaja barabara mbovu kwa mdomo wake siku ya kwanza. Kama ningeiandika tu, ile kodi ya pili ya sensa isingenipita, maana umeme hafifu hauchagui barabara ya mashimo mchana wa jua.

Kosa la pili, nilifuta kodi ya sensa bila kuithibitisha. Hoja yangu kwamba ni mtoto wa volti ndogo ilikuwa na akili ndani yake, na bado niliona sensa kwa macho tu, nikaifuta kwa kitambaa, basi. Filagheji ilikuwa kwenye droo. Dakika tano. Pikipiki moja inaweza kubeba folti mbili zisizohusiana zinazowasha taa moja, na ukishapata ya kwanza, furaha ya kuipata ndo inayokuficha ya pili. Siku zile tisa yule kijana alikuwa anapanda akiamini ABS ipo, kumbe mashimo mawili matatu tu yangeizima, na hilo ndo linaniuma kuliko kurudia kazi.

La tatu linahusu hela. Betri na rektifaya alizonunua hazikuhitajika, na hakuna aliyezirudisha. Sehemu kubwa ya gharama yake yote iliishia kwenye vitu viwili vizima kabla hajafika kwangu. Mteja anaweza kujikinga kwa ombi moja tu, fundi nionyeshe namba kwenye mita kabla hujanibadilishia.

Kwa mwenye pikipiki ya ABS huku kwetu: ukibadilisha tairi mwambie fundi pancha alaze gurudumu pete ikiwa juu, tena akae mbali nayo na vyuma. Ukifunga spoti, chaja ya simu au alamu, dai rilei na fyuzi yake na waya zake mpaka kwenye betri. Ukiosha kwa presha usielekeze chini ya siti, chini ya tangi na kwenye soketi.

Kwenye karatasi ya kupokelea pikipiki pale kwangu nimeongeza mistari mitatu, taa inawaka wapi mchana, tairi limefunguliwa lini mara ya mwisho, na nani alifunga spoti. Majibu anaandika mteja mwenyewe kwa mkono wake, mi sishiki kalamu.